Uwanja Unakunywa Ndoo Ngapi?

Tusidanganyane, washikaji. Ukitajwa uwanja mpya kijiweni, kila mtu anauliza utaingiza watu wangapi. Hakuna anayeuliza utakunywa maji kiasi gani.

Geita Gold ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2021, baadhi ya mechi za nyumbani ilikwenda kuzichezea CCM Kirumba, Mwanza. Mji wa dhahabu, uwanja wa kuazima! Tulikuwa na haki ya kuona aibu. Lakini 2024 timu ikashuka. Stand United ya Shinyanga ilishuka 2019, Mwadui 2021. Timu hushuka, dhahabu huisha, zege hubaki linadai matunzo.

Sasa tupige hesabu. Uwanja wa mita 105 kwa 68, ukimwagiliwa milimita 5 tu kwa siku, unakunywa lita 35,700. Hizo ni ndoo 1,785 za lita 20, na mama yako kapanga foleni na ndoo mbili!

Dawa ipo juu ya vichwa vyetu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la jukwaa la mita za mraba 2,000, kwa mvua ya milimita 600, linakinga lita milioni 1.2. Ni kama siku 33 za kumwagilia. Haitoshi mwaka mzima, najua. Lakini jukwaa lisilo na mifereji wala tangi linayamwaga yote mtaroni.

Na tofali? Shinyanga ilikaribia kuwa jangwa kwa kukata miti, mpaka mradi wa HASHI ulipoanza 1986 na ngitili zikarudi. Leo tuchome magogo tupate jukwaa? Tofali za udongo na saruji kidogo, zikishindiliwa kwa mashine, hazitaki tanuru.

Mtasema hayo ni mambo ya Wazungu, tujenge kwanza. Kukinga maji ya mvua ni mambo ya Wazungu tangu lini? Bibi zetu walitega sufuria chini ya bati.

Tena hela ya mgodi si sadaka. Tangu marekebisho ya 2017, Sheria ya Madini inataka mpango wa mgodi kwa jamii ukubaliwe na halmashauri. Meza ya kuulizia ipo.

Waandishi wenzangu, ngonjera za kusifu jiwe la msingi tumeandika vya kutosha. Safari hii tuandike swali moja: tangi liko wapi?