Maji ya Uwanjani Yana Mwenyewe

Mtumishi yeyote aliyepata kufanya kazi katika nchi ya vilima kama Arash, tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro, anaijua hali hii. Masika yanapoanza, maji huteremka kutoka kilimani, hupita katikati ya uwanja wa shule, hugonga msingi wa darasa, kisha huchukua udongo wa juu na kushuka nao korongoni. Miezi michache baadaye, kiangazi kinapokaza, watoto wa uwanja kama huo huonekana alfajiri na madumu mikononi wakienda kutafuta maji mbali. Katika maji yote yaliyopita mlangoni pao haikubaki hata ndoo moja.

Hali hiyo haifai kuitwa kudra. Mvua ni ya Mwenyezi Mungu, lakini maji yakishatua katika uwanja wa shule, zahanati, ofisi ya kata au nyumba ya mtumishi, yana mwenyewe. Mwenyewe huyo ni yule aliyekabidhiwa uwanja. Asipoyaongoza, yatajiongoza, na maji hayana ramani nyingine isipokuwa mteremko.

Yafaa walimu waifanye hesabu yake ubaoni. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Paa la jengo lenye vyumba viwili vya madarasa laweza kufikia mita za mraba 150. Mvua moja ya milimita 40 hulishushia paa hilo lita 6,000, yaani madumu 300 ya lita 20. Maji hayo yote huanguka katika mstari mwembamba chini ya upenu. Uwanja uliofagiliwa kila asubuhi na kukanyagwa mpaka ukawa mgumu kama sakafu hauwezi kuyanywa. Hukimbia, na kila yanapokwenda huungana na mengine. Mwendo wake ukiongezeka mara mbili, nguvu zake huongezeka mara nne. Ndiyo maana mchirizi wa upana wa kidole mwezi Machi huwa mtaro mwezi Aprili, na baada ya miaka michache wananchi huomba fedha za daraja.

Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa masharti nafuu wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu ya fedha hizo ikajenga madarasa 15,000 nchini. Ni kazi ya kujivunia. Lakini kila darasa ni paa, na kila paa ni kijito kipya. Pale jengo linapopokelewa kwa kutazama rangi, milango na madawati, bila mtu kuuliza maji yake yatakwenda wapi, kazi imepokelewa nusu. Gharama ya mfereji uliosahauliwa leo italipwa kesho kwa ukarabati wa msingi. Wahenga walikwisha kusema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Elimu ya jambo hili haihitaji kuagizwa kutoka nje. Mashariki ya nyanda za juu za Ngorongoro, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, yapo magofu ya Engaruka. Kati ya karne ya 15 na ya 18 wakulima wa mahali hapo waliyagawa maji ya vijito kwa mifereji na kujenga mashamba ya ngazi kwa mawe. Uchunguzi wa akiolojia umeonyesha kwamba baadhi ya mashamba hayo yalijengwa kwa kulitega tope lililochukuliwa na maji, hata likatuama nyuma ya kuta za mawe na kuwa shamba. Mababu hao hawakuwa na saruji wala mhandisi wa wilaya, lakini walijua kwamba maji yakipunguzwa mwendo huacha mzigo aliouchukua mporomoko.

Historia inafundisha pia namna isivyofaa kufanya. Wakoloni waliwalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi bila kuwasikiliza. Katika udongo mwepesi wa milima ile, matuta yalizika udongo wenye rutuba na kufunua ule usiozaa. Mwaka 1955 wananchi walikataa, zikazuka ghasia na mtu mmoja akapoteza maisha. Baada ya Uhuru, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973 uliingia Kondoa, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Majani yalirudi na makorongo yakaanza kupona, lakini mzigo mkubwa wa kazi hiyo ulibebwa na wafugaji. Katika nchi kama Arash, ambako ng'ombe ndiye shamba na ndiye benki, haifai kuanza kwa kumnyooshea kidole mfugaji. Yafaa kuanza na viwanja vya umma, ambavyo vina mapaa makubwa, vina watu waliosoma, na havimhamishi mtu.

Kazi yenyewe huanza juu, kabla maji hayajapata mwendo. Upande wa juu wa majengo uchimbwe mfereji wa kukinga maji, na udongo wake utupwe upande wa chini uwe tuta. Mfereji huo ushuke taratibu, kama nusu mita katika kila mita 100. Ukiteremshwa zaidi, wenyewe utageuka korongo. Mwisho wake uwe mahali penye majani mengi au kwenye lambo. Ni kosa kubwa kuuelekeza katika njia ya mifugo au boma la jirani, kwa kuwa huko ni kumhamishia mwananchi maafa ya Serikali.

Chini ya mfereji yafuate makinga maji yaliyopimwa kufuata usawa wa ardhi, yakipandwa majani au mkonge ili mizizi iyashike. Vipimo si ghali. Miti miwili ya mita mbili ikifungwa pamoja juu na kuungwa kwa mti wa tatu katikati, kisha ikaning'inizwa kamba yenye jiwe kama timazi, inatosha kuutafuta usawa wa kilima kizima. Makinga maji yaachwe yanywe maji kwa siku chache tu, maana maji yakituama zaidi ya wiki moja huzaa mbu. Karibu na jengo, ardhi iinamishwe kutoka ukutani, na chini ya upenu zipangwe kokoto za kuvunja pigo la matone. Paa lifungwe mifereji ya bati na tangi lenye kifuniko; maji ya kwanza ya msimu yaachwe yaoshe bati ndipo mengine yakingwe.

Lipo pia jambo la desturi. Miaka mingi uwanja usio na jani hata moja umehesabiwa kuwa alama ya usafi, na wakaguzi wameusifu. Hofu ya nyoka ina sababu, lakini ukoka uliokatwa chini hauwafichi nyoka, na unaushika udongo. Fagio libaki kwenye njia na barazani. Mahali pengine paachiwe majani.

Haidaiwi hapa kwamba jembe litazuia kila balaa. Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang liliishukia Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Hakuna mfereji wa shule ambao ungalilizuia. Lakini makorongo mengi hayatoki mlimani kwa kishindo. Huanzia kwenye upenu na kwenye kona ya uwanja, mbele ya macho ya watu wenye elimu.

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka kazi ya shule iwe ni sehemu ya masomo. Makinga maji ni hesabu, ni jiografia na ni kilimo kwa pamoja. Hata hivyo, mwanafunzi asigeuzwe kibarua wa kuficha uzembe wa wakubwa. Halmashauri ziweke mfereji na tangi katika makisio ya kila jengo, na wahandisi wakatae kupokea jengo lisilo navyo. Viongozi wa Chama katika matawi wakague kazi hiyo kabla ya vuli, si baada ya mafuriko. Wazee wa vijiji waulizwe maji yalipita wapi zamani, kwa sababu wao ndio ramani ya kwanza.

Mtumishi huhamishwa baada ya miaka michache, korongo halihamishwi. Atakayeondoka Arash akiacha uwanja wenye ukoka na tangi lililojaa, ameacha kazi. Atakayeondoka akiacha korongo, amewaachia deni watu wasiolikopa.