Barua ya wazi kwa CASSOA: Turuhusuni kukodi ndege kwa jirani

Mkurugenzi Mtendaji,
Wakala wa Usimamizi wa Usalama na Ulinzi wa Usafiri wa Anga wa Afrika Mashariki (CASSOA),
Entebbe, Uganda.

Ndugu Mkurugenzi,

Mimi ni rubani binafsi mwenye leseni ya Tanzania. Nikiondoka Dar es Salaam na Cessna 172 yenye usajili wa 5H, nikajaza mafuta Kilimanjaro, nikamalizana na uhamiaji na kutua Wilson, Nairobi, leseni yangu inatosha. Kesho yake nikitaka kukodi Cessna 172 ya hapohapo Wilson, injini ileile, dashibodi ileile, ila ubavuni imeandikwa 5Y, leseni hiyohiyo haitoshi tena. Mnara unaonipa ruhusa ya kuruka ni uleule na anga ni ileile. Kilichobadilika ni herufi moja.

Najua herufi hiyo ina uzito. Ibara ya 32 ya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 inataka rubani wa safari za kimataifa awe na leseni iliyotolewa, au kuthibitishwa, na nchi iliyosajili ndege, na sheria za nchi zimejengwa juu ya msingi huohuo. Ni msingi wa haki, kwa kuwa nchi iliyosajili ndege ndiyo inayoijibia. Siombi uondolewe. Naomba nchi zetu zitumie nafasi ambayo mfumo huohuo umeiacha wazi: Kiambatisho cha Kwanza cha Mkataba, kinachohusu leseni, kinaziruhusu nchi zenye kanuni za pamoja kukubaliana kwamba leseni ya moja itambuliwe na nyingine moja kwa moja, bila kila rubani kupeleka maombi yake. Ulaya wanaishi hivyo. Mjerumani aliye likizoni Lyon hukodi ndege yenye usajili wa Ufaransa kwa leseni aliyoipata kwao, na hakuna ofisi ya serikali anayopaswa kuipitia kwanza.

Huku kwetu, mgeni anatakiwa awe na hati ya uthibitisho. Anaandika maombi, anaambatanisha nakala za leseni, cheti cha afya na daftari la saa za kuruka, kisha nchi anakotoka inaulizwa kama leseni ni ya kweli, na jibu linasubiriwa. Kwa rubani anayehamia Nairobi kufanya kazi, utaratibu huo unabebeka. Kwa aliyekuja wiki moja kwenye harusi ya dada yake, akiwa na Jumamosi moja ya kumzungusha mama yake juu ya vilima vya Ngong, maana yake ni kwamba haruki. Hata Marekani, ambako mgeni naye huhakikiwa na nchi yake kwanza, rubani binafsi akishathibitishwa hupewa cheti kinachoegemea leseni ya kwao bila kurudia mtihani wa darasani, na cheti hicho kinaendelea kutumika kila arudipo maadamu leseni ya nyumbani iko hai. Anachodaiwa baada ya hapo ni kukaa na mwalimu, ardhini na angani, ajiridhishe.

Na hapo kwa mwalimu ndipo ningependa tusisitize sote, kwa sababu usalama wenyewe uko hapo.

Wilson iko karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Sisi tuliojifunzia pwani tumezoea kusukuma kitasa chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa hadi mwisho kabla ya kuondoka, injini inywe mafuta yote inayotaka. Ukifanya hivyo Nairobi, mafuta yanazidi hewa na injini inakosa nguvu palepale unapoihitaji. Inabidi uijaribu kwa mizunguko ya juu ukiwa bado chini, ukivuta kitasa polepole hadi mshale wa mizunguko ufike juu kabisa, halafu ukiache hapo. Mchana wa nyuzi 28, hewa ya Wilson ni nyepesi kama ya mahali palipo juu ya futi 8,000. Ndege inakula barabara ndefu kabla ya kunyanyuka, inapanda kwa uvivu, na ukirudi kutua, kipimo cha kasi kinakuonyesha namba ulizozizoea wakati ardhi inakimbia chini yako kwa kasi usiyoizoea. Macho yanakuambia unakwenda mbio mno. Mkono unataka kuvuta usukani upunguze mwendo, nao ukivuta umeikaribisha hatari ya ndege kupoteza nguvu ya kuibeba ikiwa chini, mahali ambapo hakuna nafasi ya kuiokoa.

Kuna pia msongamano. Ndege za mafunzo, za watalii na za abiria zinagawana anga ndogo juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, na uwanja mkuu wa Jomo Kenyatta uko jirani. Machi 2024 Cessna 172 ya mafunzo iligongana na Dash 8 ya abiria juu ya hifadhi hiyo, na watu wawili waliokuwa kwenye Cessna wakafariki. Mgeni asiyeyajua maeneo ya kuripoti na mzunguko wa kutua pale hapaswi kuruka peke yake, awe na leseni ya nchi gani. Mkenya anayekuja kwetu naye ana ya kwake ya kufundishwa: ukungu unaofuta mstari kati ya bahari na mbingu njiani kwenda Zanzibar, jaketi za kuokolea, kimo cha kuruka kitakachokufikisha nchi kavu injini ikizima.

Hakuna karatasi inayoyafundisha hayo. Hati ya uthibitisho inauliza kama mimi ni rubani, swali ambalo Tanzania ilishalijibu iliponipa leseni. Kama naweza kurusha ndege Wilson mchana wa leo, anayeweza kujibu ni mwalimu wa Wilson aliyeketi kiti cha kulia.

Wapo watakaohofia ajira. Leseni ninayoizungumzia haimruhusu mtu kulipwa kwa kurusha ndege, hivyo hakuna rubani wa Kenya, Uganda au Rwanda atakayepoteza kazi kwa sababu yangu. Atakayenufaika ni mwenye ndege ambayo ingebaki bandani, na kijana anayehangaika kukusanya saa 200 za leseni ya biashara. Vijana wetu wengi huzifuata saa hizo Afrika Kusini. Inaniuma kuona kijana wa Mwanza anaijua anga ya Johannesburg kuliko ya Kisumu, ng'ambo ya ziwa lake mwenyewe.

Tuliwahi kuwa karibu zaidi ya hivi. Kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza haijavunjika mwaka 1977, usafiri wa anga wa Kenya, Uganda na Tanzania ulikuwa chini ya kurugenzi moja, na shule ya urubani ya Soroti ilianzishwa mwaka 1971 iwafundishe vijana wa nchi zote tatu. Wakala wenu uliundwa mwaka 2007, nanyi mmefanya kazi kubwa ya kulinganisha kanuni za nchi wanachama. Kanuni zikishafanana, rubani wa kawaida naye angetarajia kuuona mfanano huo siku anapofika kaunta ya kukodi ndege.

Ninachoomba ni kidogo, na kinaweza kuanza na nchi hizo tatu kabla ya zote nane za Jumuiya ya sasa. Anzeni na leseni ya urubani binafsi tu: ndege ya injini moja, mchana, kwa kuona, bila malipo. Itambulike kuwa halali kwa ndege za nchi wanachama, kwa sharti kwamba mwalimu wa uwanja husika aruke na mgeni na kutia saini kwenye daftari lake, akieleza walichofanya. Mamlaka ziwe na rejesta moja ambayo klabu inaweza kuitazama asubuhi hiyohiyo ikajua kama leseni na cheti cha afya viko hai. Na mgeni akivunja sheria, nchi iliyosajili ndege imwondolee ruhusa na kuiarifu nchi yake siku hiyo.

Ikiwa rasimu ya makubaliano ya namna hii tayari iko mezani kwenu, tunaomba iwekwe wazi ili marubani, walimu na klabu za pande zote waisome na kutoa maoni kabla haijafika kwa mawaziri. Tuko tayari kuja Entebbe kuijadili.

Wako,
Rubani binafsi, Dar es Salaam

Nakala: Mamlaka za usafiri wa anga za Tanzania, Kenya na Uganda