Tuache kuabudu Intel, tuhesabu wati

Vijana wenzangu wa Rhino Camp, Imvepi na Lobule, na nyinyi ndugu zetu wa mashirika, tuongee ukweli.

Kila tukitaja kompyuta ndogo za Raspberry Pi, mtu anasema: eti hiyo ni mchezo wa watoto, kompyuta ya kweli ni Intel. Sasa simu iliyo mfukoni mwako inatumia nini? Karibu kila simu ina prosesa ya ARM, aina ileile ya Raspberry Pi. Tena si kitu cha jana. Intel ilitoa 8086, babu wa hizi za mezani, mwaka 1978. ARM ya kwanza ilifanya kazi Cambridge, Uingereza, mwaka 1985.

Lakini kwetu hoja kubwa ni sola. Pentium 4 ya mezani inaweza kula wati 80 hadi 100, bila skrini. Raspberry Pi 4 yenyewe haifiki 10. Ongeza skrini ya wati 20 kwa kila moja: umeme wa kompyuta 1 ya zamani unawasha karibu 4 mpya. Yaani wanafunzi 4 wanaandika, badala ya 1 kuandika na 3 kuchungulia begani.

Wengine wanauliza: ofisi za Arua na Koboko zinatumia Windows, tutapataje kazi? Swali zuri. Programu ya uhasibu iliyotengenezwa kwa Intel haifunguki hivihivi kwenye Raspberry Pi. Ni kama barua ya Kilugbara mkononi mwa mtu anayejua Kiswahili tu. Basi tubakize mashine 2 za Intel kwa kazi hiyo. Kuchapa barua na kujumlisha hesabu, LibreOffice inafanya, na fomula ya SUM ni ileile.

Mafundi nao wana hoja: RAM ya Intel ya mezani inachomolewa, ya Raspberry Pi imechomelewa. Kweli kabisa. Kwa hiyo mradi ulete bodi na memori kadi za akiba tangu mwanzo, na sisi tuzime mashine vizuri kabla betri haijaisha, maana umeme ukikatika ghafla kadi inaweza kuharibika.

Ndugu wa mashirika, huduma ya kawaida ya Windows 10 iliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine zisizoweza Windows 11 sasa zinatafutiwa pa kwenda. Zisimwagwe kambini zikiitwa msaada. Kabla hamjapakia lori, ulizeni kwanza: hii inakula wati ngapi?