Haramia ni Nani? Minara ya Malta Inasimuliwa Nusu

Kila mashua ya watu ikitoka Libya kuelekea Ulaya, hapakosi mkubwa mmoja huko wa kusema eti ni uvamizi. Na hapa kambini wapo wasomi wetu wanaomtetea: Wazungu wana haki ya kuogopa bahari, si walivamiwa na maharamia hadi wakajenga minara? Sawa. Tuizungumze hiyo minara, lakini tuizungumze yote.

Tuchukue Malta. Mwezi wa 7 mwaka 1551, meli za Sultani wa Uturuki, pamoja na nahodha Turgut Reis, zilishuka Gozo, kisiwa cha jirani. Zikabeba karibu watu wote, 5,000 au zaidi, wakapelekwa utumwani Tripoli. Wakulima, akina mama, watoto. Hilo silipunguzi hata kidogo. Sisi tunajua kijiji kinavyonyamaza watu wakishachukuliwa.

Karne iliyofuata watawala wa visiwa hivyo, watawa wapiganaji wa Mtakatifu Yohane, wakapanga minara pwani. Wignacourt alijenga wa St Paul's Bay mwaka 1610. De Redin akaongeza 13 kati ya 1658 na 1659, kila mmoja ukionana na mwenzake. Adui akionekana: mchana moshi, usiku moto, mpaka habari ifike Valletta.

Kazi nzuri. Ila mlinzi wa juu aliona pia meli zinazotoka. Za nani? Za mabwana zake hao hao, zikienda kuwinda meli na pwani za Waislamu. Zilirudi na mateka. Valletta palikuwa na gereza la watumwa, jamani, na watu waliuzwa. Mwaka 1749 watumwa walipanga kuasi, njama ikagunduliwa, wakauawa. Biashara hiyo ilikomeshwa 1798, Napoleon alipoteka kisiwa. Mateka hao nao walikuwa na vijiji. Mbona wakitajwa maharamia, meli za watawa hazimo?

Na kijana anayepanda mashua leo, aliyefungiwa ghalani Libya huku ndugu zake wakidaiwa fidia kwa simu, anafanana na nani katika habari hii: Turgut, au mkulima wa Gozo?

Nanyi wa mashirika, mnaokuja na semina za hatari za safari: safari ijayo leteni na habari za Gozo, na za gereza la Valletta. Halafu tuulizane pale ukumbini neno "uvamizi" linamfaa nani.