MFUKO WA NYUMBA: Gari Lililokuwa Njiani

Katika safu hii tumezoea kuongea juu ya unga, sukari, ada za shule na mshahara usiofika mwisho wa mwezi. Leo nitawachukua mbali, hadi Ujerumani, tena nitaongea juu ya gari la umeme, chombo ambacho wengi wetu hatutazamii kukimiliki. Msomaji asifunge ukurasa. Jambo lililowapata watu wa huko ni jambo la fedha za nyumbani, na ye yote aliyewahi kuihesabu posho kabla ya kuipokea atalielewa mara moja.

Gari la umeme halitumii petroli. Huendeshwa kwa betri kubwa iliyolazwa chini ya sakafu yake, nayo hutiwa umeme nyumbani au katika vituo maalumu. Betri hiyo ndiyo hasa inayolipandisha bei; kwa hiyo serikali zilizotaka wananchi wao waachane na moshi wa petroli ziliona hapana budi kuwasaidia kununua. Msaada wa namna hiyo ndio uitwao ruzuku. Ujerumani ilianza kuutoa mwaka 2016. Mwanzoni mnunuzi wa gari la umeme tupu alipata yuro 4,000, nusu kutoka serikalini na nusu kutoka kiwandani. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoidhoofisha biashara, fungu la serikali liliongezwa maradufu, hata msaada wote ukaweza kufika yuro 9,000. Baadaye ukaanza kupunguzwa. Mwaka 2023 gari ambalo bei yake kabla ya kodi haikuzidi yuro 40,000 lilipata yuro 4,500 za serikali, na tangu Septemba mwaka huo makampuni yaliondolewa, wakabaki watu binafsi tu. Mpango uliojulikana kwa wote ni kwamba fedha zingeendelea kutolewa mwaka 2024, ijapokuwa kwa kiasi kidogo zaidi.

Ndipo tarehe 15 Novemba 2023 Mahakama ya Katiba, iliyoko katika mji wa Karlsruhe, ilipotoa hukumu. Serikali ilikuwa imepewa idhini ya kukopa fedha kwa ajili ya shida za korona. Yuro bilioni 60 za idhini hiyo hazikutumika, nayo ikazihamishia katika mfuko wa mambo ya hali ya hewa, ambao ndio uliolipia ruzuku ya magari. Mahakama ikasema kwamba hilo ni kinyume cha Katiba. Ni kama baba mwenye nyumba aliyeruhusiwa kukopa kwa ajili ya matibabu, mgonjwa akapona mapema, naye akasema deni lililobaki atajengea chumba. Mkopeshaji akamwambia, la, hayo siyo tuliyoafikiana.

Mfuko ukapwaya, na viongozi wakakaa usiku na mchana kutafuta cha kukata. Siku ya Jumamosi, tarehe 16 Desemba, wizara ya uchumi ikatangaza kwamba maombi ya ruzuku ya magari yatapokewa hadi mwisho wa Jumapili, tarehe 17. Taarifa ya siku moja! Jumatatu asubuhi mlango ulikuwa umekwisha kufungwa.

Hapa nawaomba msome polepole, kwa maana hapa ndipo penye uchungu wenyewe. Kanuni ilisema kuwa mtu hawezi kuomba ruzuku siku anapoagiza gari, wala siku anapotia sahihi mkataba, bali baada ya gari kusajiliwa kwa jina lake. Nanyi mwajua kwamba gari jipya haliokotwi dukani kama mkate. Huagizwa, likangojewa miezi, pengine mwaka. Basi walikuwako watu waliotia sahihi majira ya kiangazi, wakapiga hesabu zao pamoja na zile yuro 4,500, wakaafikiana na benki, na gari lao siku ile lilikuwa bado kiwandani au juu ya lori. Hawakuwa na karatasi ya kupeleka. Mkataba uliendelea kuwabana kama ulivyokuwa. Fedha za kuutimiza ndizo zilizopunguka.

Mimi nililisoma jambo hili huku moyo ukinienda mbio, kwani nyumbani kwetu limepita. Miaka michache iliyopita ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilitangaza mkopo wa ujenzi kwa watumishi. Mume wangu, ambaye ni askari, alijaza fomu pamoja nami, na kwa kuwa tangazo lilikuwa na mhuri tukalipia mbao kabisa. Kisha ukaja waraka kusema kuwa mkopo umesitishwa, isipokuwa kwa wale ambao fomu zao zimekwisha kutiwa sahihi na mkuu. Zetu zilikuwa mezani, hazijatiwa. Mbao zilikaa uani chini ya turubai msimu mzima wa mvua, na mume wangu akazigeuza kila Jumapili zisipinde.

Sisemi kwamba serikali ilikosa kuimaliza ruzuku. Kwa maoni yangu msaada huo ulikuwa na kasoro tangu zamani. Kufikia siku ile Ujerumani ilikuwa imetumia yapata yuro bilioni 10 kwa magari kama milioni 2.1. Aliyeweza kununua gari jipya, hata kwa kusaidiwa, si maskini wa mtaa. Na kodi iliyomsaidia ilitoka pia kwa mama anayepanda basi na kwa mzee anayetembea kwa miguu. Aidha msaada wa kuanzisha jambo hauwezi kuwa wa milele. Mtoto hushikwa mkono akijifunza kutembea, lakini hashikwi hadi siku ya kuoa.

Ninalolilalamikia ni ile siku iliyochaguliwa kuwa mpaka. Tazameni Uswidi. Serikali mpya ya huko nayo iliikata ruzuku yake kwa ghafula mnamo Novemba 2022, ikitangaza leo na kukata kesho. Lakini ilisema kwamba aliyekwisha kuagiza gari kabla ya mpaka huo atapewa fedha zake, hata gari likichelewa kufika. Watu walinung'unika, lakini aliyeahidiwa alilipwa. Tofauti ya nchi hizi mbili ni neno moja tu katika kanuni: kuagiza au kusajili.

Tena katika makato yale yale ya Desemba, Ujerumani ilitaka kuwaondolea wakulima nafuu ya kodi ya dizeli pamoja na msamaha wa kodi ya magari yao ya shamba. Wakulima wakaenda Berlin na matrekta tarehe 18 Desemba. Kufikia tarehe 4 Januari 2024 serikali ilikuwa imelegeza kamba: msamaha wa kodi ya magari ukabaki, na nafuu ya dizeli ikapangiwa kuondolewa kidogo kidogo kwa muda wa miaka kadhaa. Wanunuzi wa magari ya umeme hawakuwa na matrekta. Walikuwa watu waliotawanyika, mmoja hapa na mmoja pale, kila mmoja na mkataba wake mkononi. Mtu wa serikali kama mimi hapendi kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Viwanda kadhaa, Volkswagen ikiwa mojawapo, vilijitolea kulipa fungu la serikali kwa muda kwa wateja waliokwisha kuagiza. Walifanya vema, ingawa nadhani waliihofia biashara yao kuliko walivyowahurumia watu. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwaka 2023 magari mapya ya umeme yaliyosajiliwa Ujerumani yalikuwa 524,219; mwaka 2024 yalishuka hadi 380,609, yaani upungufu wa zaidi ya robo. Wengi walisema heri wangoje, huenda bei ikashuka au serikali ikageuka. Mwaka 2025 mauzo yalipanda tena, na Oktoba mwaka huo vyama vinavyotawala viliafikiana kurudisha msaada, safari hii ukilenga familia za kipato kidogo na cha wastani. Hilo naliunga mkono kuliko ule wa kwanza.

Lakini fedha hizo ni za magari mapya. Yule ambaye gari lake lilikuwa juu ya lori Jumapili ile ya tarehe 17 Desemba hazikumrudia. Kama kiwanda chake hakikumfidia, yuro 4,500 zilitoka katika mfuko wake mwenyewe, naye amekwisha kuzilipa.

Juma lijalo, nikijaliwa, tutarudi kwenye bei ya unga.