Kujitolea ni poa, lakini nauli je?

Mtaa ukifurika, kina nani hufika kwanza? Ni hao mayut wa jaketi nyekundu. Mafuriko ya 2024, pale Mathare na Mai Mahiu, walikuwa ndani ya matope. Juni 25 mwaka huo huo, watu wakiingia Bunge, Kenya Red Cross ilisema magari yake yamevamiwa na watu wake kuumizwa. Hiyo si job ya kuchezea.

Sasa, tukitaka hiyo mbogi ikue, tuache kudhani roho safi inatosha. Msee wa Kayole akitumia doo yake kwa mat kila wiki, mwezi wa pili atahepa. Si ati amechoka kusaidia, mfuko ndio umekataa. Na akienda, anaenda na ile huduma ya kwanza alifunzwa.

Dawa si ngumu: nauli na lanchi siku ya kazi, bima kabla ya kutumwa kwa hatari, cheti cha kuonyesha mwajiri, na kijana mmoja kwa meza ya maamuzi.

Kabla ujiandikishe popote, uliza mapema: nikiumia, nani atalipa hosi? Wakikosa jibu, hao bado hawako tayari.