Mambo ya Jirani: Zanzibar na Daftari la Muungano

Wasomaji wengi wa Malakisi na Kitale hudhani kwamba ugomvi wa Zanzibar na Tanzania Bara ni wa bendera na vyeo tu. Bendera imo, lakini mkulima aliyepata kupeleka pamba au kahawa yake kwenye chama cha ushirika ataielewa habari hii upesi zaidi akianza na fedha. Mwanachama hachukii sana kukatwa senti chache. Huchukia aombapo kuliona daftari akaambiwa angoje.

Zanzibar iliungana na Tanganyika tarehe 26 Aprili, 1964. Mambo yaliyotiwa chini ya Serikali ya Muungano yalikuwa 11. Baadaye yakaongezwa mengine, mathalan sarafu mwaka 1965 na mafuta ya petroli mwaka 1968, hata yakafika 22. Bwana Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar, alipotaka pawe na serikali tatu, ilimbidi ajiuzulu huko Dodoma, Januari 1984.

Sasa tuje kwenye fedha zenyewe. Katiba ya Muungano, ibara ya 133, yaagiza iwepo akaunti ya fedha ya pamoja, ambamo kila upande utatia sehemu yake. Ibara ya 134 yataka Tume ya Pamoja ya Fedha ichambue mapato na matumizi ya Muungano. Sheria ya Tume ilitungwa mwaka 1996, nayo ikaanza kazi mwaka 2003! Kwa muda huo wote Zanzibar ilikuwa ikipewa asilimia 4.5 ya misaada ya nje, kipimo kilichowekwa miaka ya 1990 kiwe cha kungojea tu. Kikadumu.

Watu wa Bara nao wana jibu, wala si la kupuuzwa. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022, Zanzibar ilikuwa na watu wapatao milioni 1.9 kati ya milioni 61.7, yaani kama 3 katika kila 100. Aliye na 3 akipewa 4.5, ameonewa wapi? Mzanzibari hujibu kwamba hakuingia katika Muungano kama wilaya, bali kama nchi, na nchi haipimwi kwa vichwa. Mimi naona kila mmoja ana haki kwa mizani yake. Lililokosekana ni mizani waliyokubaliana.

Wazee wa huku wanayakumbuka majimbo ya mwaka 1963 na jinsi yalivyofutwa upesi. Tangu mwaka 2013 Bungoma ni kaunti, na Katiba yetu ya 2010 yataka kaunti zote zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Fedha huchelewa, karani yeyote atakuambia, lakini Seneti hubishana juu ya mgao huo mbele ya watu, na gavana anajua aende kulalamika wapi.

Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba ilipendekeza serikali tatu. Bunge Maalum likakataa mwaka 2014. Mwaka uliofuata, sheria mpya ya petroli iliiruhusu Zanzibar isimamie mafuta na gesi yake yenyewe, ilhali neno hilo la mafuta lilibaki vilevile katika orodha ya mambo ya Muungano.